Maazimio yangu ya mwaka yamenigeukia kuwa hofu. Nifanye nini?

«Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 36 na watoto watatu. Usiku wa mkesha wa mwaka mpya niliandika maazimio sita katika daftari: kutembea kila alfajiri kabla ya kazi, kuweka shilingi 5,000 kibubuni kila siku, kuacha soda na vitumbua, kutokopa tena mikopo ya kausha damu, kusoma kurasa kumi kila usiku, na kutowafokea watoto. Januari nilijitahidi, na kila jioni nilijiwekea alama ya vema. Februari mtoto aliugua malaria, nikakosa siku tatu mfululizo, na tangu hapo sijaweza kurudi. Daftari nimelificha kwenye kabati la vyombo kwa sababu nikiliona tu tumbo linanikata. Wenzangu wanane tuliokubaliana kutembea hutuma picha za viatu kwenye kundi la WhatsApp kila alfajiri, nami siku hizi sifungui simu kabla ya saa tatu asubuhi. Jumapili jioni moyo hunienda mbio, na usiku huamka saa nane nikihesabu yote niliyoshindwa. Hali hii ina wiki tano sasa. Mume wangu anasema najisumbua bure, na mama mmoja kanisani ameniambia ni imani haba. Je, nia yangu ni dhaifu? Je, huu ni ugonjwa? Niache kabisa kujiwekea malengo?»

Marahaba, mwalimu, na pole sana kwa kuuguza. Umeuliza mambo matatu, lakini nasikia na la nne ambalo hukulitamka: kwa nini hofu hii haiondoki, ilhali hakuna mtu yeyote atakayekuadhibu kwa kukosa kutembea? Nitaanzia hapo, kwa kuwa ukishaelewa jinsi hofu hiyo inavyojijenga, majibu ya yale matatu yatakuwa mepesi kuyapokea.

Tazama kilichotokea Februari. Mtoto aliugua, ukakesha naye, ukakosa siku tatu. Mpaka hapo hakuna kilichoharibika, na mama yeyote angefanya ulivyofanya. Madhara yalianza ulipolifungua daftari, ukaona nafasi tatu tupu baada ya safu ndefu ya alama za vema, ukajiambia neno fulani. Hukuniandikia ulijiambia nini, ila katika kuketi kwangu na watu wenye shida kama yako neno hilo huwa ni lile lile: «Ndivyo nilivyo.» Papo hapo siku tatu za homa ya mtoto zikageuka kuwa hukumu juu ya utu wako wote. Mwanasaikolojia wa Marekani Alan Marlatt, aliyefanya kazi miaka mingi na watu wanaojaribu kuacha pombe, alieleza jambo hili kwa makini: anayeteleza mara moja na kulichukulia kosa lake kuwa ushahidi wa udhaifu wa kudumu huelekea kurudi nyuma moja kwa moja, kuliko yule anayeona kwamba ameteleza kwa sababu fulani, mahali fulani, siku fulani.

Kuna jaribio la mwaka 1975 ambalo huwasimulia karibu watu wote wanaokuja kwangu na shida hii. Watafiti Peter Herman na Deborah Mack waliwapa baadhi ya wanafunzi wa kike wa chuo vinywaji vizito vya maziwa na sukari, kisha wakawaachia aiskrimu wale kadiri walivyotaka. Wasiokuwa na desturi ya kujinyima chakula walipokuwa wameshiba maziwa walikula aiskrimu kidogo, kama unavyotegemea. Waliokuwa katika kujinyima walifanya kinyume chake: baada ya kunywa maziwa walikula aiskrimu nyingi zaidi kuliko wenzao wenye kujinyima ambao hawakupewa maziwa. Njaa haielezi tofauti hiyo, kwa kuwa tayari walikuwa wameshiba. Kinachoieleza ni kwamba sharti la siku lilikuwa limekwisha kuvunjika, wakaona hakuna tena cha kulinda. Nafikiri hapo unaiona wiki yako ya Februari: kilichokosekana hasa ni kutembea, lakini na kibubu kikaachwa, na soda ikarudi, na kitabu kikafungwa, ingawa malaria ya mtoto haikukuzuia kuacha soda.

Sasa, kwa nini hofu imebaki, tena inakua? Kwa sababu ya kabati la vyombo. Ulipolificha daftari ulipata nafuu, na nafuu hiyo ilikuwa ya kweli, tumbo lilitulia. Tatizo ni kile ambacho ubongo hujifunza kutokana na nafuu ya namna hiyo. Hujifunza kwamba daftari lilikuwa kitu cha hatari na kwamba umeokoka kwa kulikimbia, kwa hiyo kesho yake, ukienda kuchukua sufuria na kuliona lile jalada pembeni, kengele ya hatari hulia kwa nguvu zaidi. Mwili nao hutii kengele hiyo kama vile umekutana na nyoka njiani: adrenalini humwagika, moyo huongeza kasi, damu hupungua tumboni, na ndiyo maana unasikia tumbo likikata. Simu unayoiacha hadi saa tatu inafanya kazi ile ile. Kila unachokikwepa hukua, na kadiri unavyokwepa vingi ndivyo nyumba yenyewe inavyojaa vitu vya kuogopwa.

Usiku wa saa nane una sababu yake nyingine. Mchana una watoto 60 darasani, una madaftari ya kusahihisha, una sokoni na jikoni, na mawazo yaliyokwepwa hayapati nafasi. Usiku hupata nafasi yote. Tena mtu akiamka saa hizo, sehemu ya ubongo inayopima mambo kwa utulivu huwa imechoka, kwa hiyo deni la shilingi elfu tano huonekana kama kufilisika. Usiyaamini mahesabu ya saa nane usiku. Yaandike kwa maneno mawili kwenye karatasi iliyo karibu na kitanda, uyaangalie mchana.

Naomba sasa niyarekebishe mambo matatu yanayokuumiza bila sababu.

La kwanza ni lile la siku 21. Hukulitaja, lakini wengi huanza Januari wakiamini kwamba mtu akivumilia siku 21 tabia mpya hujishika yenyewe, na ikifika Februari bado anajilazimisha hudhani ana kasoro. Namba hiyo ilienezwa na uchunguzi wa daktari mmoja wa upasuaji wa sura huko Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura yao mpya. Kuizoea sura kwenye kioo na kuamka alfajiri ni mambo mawili tofauti. Phillippa Lally na wenzake wa London walipowafuatilia watu 96 kwa wiki 12, katika utafiti ambao kila mtu alichagua jambo moja dogo la kufanya kila siku, waliona kwamba ilichukua kama siku 66 kwa mtu wa kati, kukiwa na waliohitaji siku 18 na wengine waliokadiriwa kuhitaji siku 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia kwa kiasi cha kuhesabika. Na uangalie vizuri: kila mmoja alichagua jambo moja. Wewe ulichukua sita.

La pili ni imani kwamba ukijikaripia vya kutosha utanyooka. Mwalimu, wewe unajua kinachompata mtoto aliyekosea hesabu ubaoni akachekwa: kesho yake hanyooshi mkono hata jibu akilijua. Mwaka 2010 Michael Wohl na wenzake huko Kanada walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi 119 wa mwaka wa kwanza wa chuo, na wakaona kwamba wale waliojisamehe kwa kuahirisha kusoma kabla ya mtihani wa kwanza waliahirisha kidogo zaidi kabla ya mtihani uliofuata. Kujisamehe hakukuwafanya wazembe, kwa sababu kulipunguza uchungu uliokuwa ukiwafanya waikimbie kazi yenyewe.

La tatu ni la imani haba. Sina mamlaka ya kuzungumza juu ya imani yako, wala sitaki kumlaumu mama yule, ambaye huenda alitaka kukutia moyo. Ninaloweza kusema kwa uhakika ni kwamba moyo kwenda mbio Jumapili jioni ni kazi ya mishipa ya fahamu na homoni, na huwapata wacha Mungu kama inavyowapata wengine. Kama sala inakutuliza, endelea nayo. Kama imekuwa mahali pengine pa kujihesabia makosa, zungumza na kiongozi wako wa dini unayemwamini, umwambie hivyo hivyo.

Kuhusu mume wako, anayesema unajisumbua bure, nadhani anaona matokeo tu na haoni kabati. Mweleze kama ulivyonieleza mimi.

Swali lako la kama nia yako ni dhaifu nalijibu kwa takwimu za wengine. Mwanasaikolojia John Norcross na mwenzake walifuatilia watu 200 waliojiwekea maazimio ya mwaka mpya. Baada ya wiki moja asilimia 77 walikuwa bado wanashika, na baada ya miaka miwili walibaki asilimia 19. Lakini jambo ninalotaka ulishike ni hili: zaidi ya nusu ya waliofaulu walikuwa wameteleza angalau mara moja, na wastani wa kuteleza katika miaka hiyo miwili ulikuwa mara 14. Mara 14, mwalimu, na bado wamehesabiwa kuwa wamefaulu. Wewe umeteleza mara moja.

Nimefurahi kwamba wewe ni mwalimu, maana unayo tayari zana ninayotaka uitumie. Kila muhula huandika azimio la kazi, yaani mpango wa mada utakazofundisha wiki kwa wiki, na upande wa kulia kabisa wa karatasi ile pana safu ya maoni. Mada isipomalizika kwa sababu mvua imenyesha au darasa limekwenda kwenye michezo, huandika pale: «Mada haikukamilika, vipindi viwili vilipotea, itaendelea wiki ijayo.» Kisha unaendelea. Hujawahi kulichana azimio la kazi au kulificha jikoni kwa sababu ya kipindi kilichopotea, wala mwalimu mkuu hakuandika kwamba wewe si mwalimu. Azimio lako la mwaka mpya limekosa safu hiyo tu. Lilikuwa na nafasi ya vema na nafasi tupu, na nafasi tupu haina namna ya kusema «mtoto alikuwa na homa».

Kwa hiyo Jumamosi hii mchana, jua likiwa juu na watoto wakiwa wanacheza, litoe daftari kabatini. Usilifungue mara moja. Liweke mezani, ukae nalo, na utegemee kwamba moyo utakwenda mbio. Vuta pumzi taratibu kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, kwa muda wa dakika tano hivi, kwa kuwa mapigo ya moyo hupungua wakati wa kutoa pumzi. Hofu itapanda, kisha itashuka yenyewe bila wewe kuondoka, na hilo ndilo somo ambalo ubongo wako haujapata nafasi ya kulisoma. Fungua ukurasa wa Februari. Chora mstari pembeni, andika juu yake «Maoni», na katika siku zile tatu andika kilichotokea kwa kalamu ya kawaida, bila kujitetea na bila kujishtaki. Ukishindwa mara ya kwanza, rudia Jumapili. Wengi huhitaji kurudia mara kadhaa.

Baada ya hapo tuyatazame maazimio yenyewe, maana baadhi yake yalipangwa kwa namna ambayo ingemshinda mtu yeyote. Shilingi 5,000 kila siku ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Ni mpango mzuri kwa mama lishe au dereva wa bodaboda, ambaye kila jioni ana mauzo ya siku mkononi. Wewe hulipwa mara moja kwa mwezi, kwa hiyo kila jioni ulikuwa unapunguza fedha iliyokwisha kupangiwa mambo mengine, na ikifika tarehe ishirini hakuna pa kupunguza. Tena ulianza Januari, mwezi wa sare, madaftari na kodi ya nyumba. Chagua kiasi kidogo unachoweza kukitenga siku ile ile mshahara unapoingia, kabla hujagusa kingine, hata kikiwa shilingi 30,000. Azimio hilo hutimizwa mara 12 kwa mwaka, na halina nafasi 365 za kukuogopesha. Litakusaidia pia na lile la kausha damu, kwa kuwa mikopo ile hukopwa usiku ambao nyumbani hakuna akiba hata ya dawa.

Kutembea alfajiri nako kuna shida zake. Masika yakianza njia zina matope na giza, na usalama wa mwanamke anayetembea peke yake saa kumi na moja si jambo la kupuuza. Kushuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani ni kutembea kule kule. Ama kutowafokea watoto, hilo ni tamanio zuri ambalo haliwezi kuwekewa vema, kwa kuwa halisemi ufanye nini wala saa ngapi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba nia hutekelezwa zaidi mtu anapoifunga kwenye tukio mahususi: likitokea hili, nitafanya lile. Jaribu hivi: «Nikifika nyumbani nikakuta vyombo havijaoshwa, nitavua viatu kwanza, ninywe maji, ndipo niseme.» Hilo ni jambo dogo, lakini linamweleza mtu aliyechoka afanye nini, na uchovu ni muhimu kuuzingatia. Watafiti wa Ujerumani Lars Schwabe na Oliver Wolf walionyesha mwaka 2009 kwamba mtu aliye katika msongo huelekea kurudia alichokizoea hata kama hakimletei tena faida. Ndiyo maana kufoka na soda hurudi wiki za kuuguza, na ndiyo maana kujiongezea masharti wiki hizo hakusaidii.

Je, uache kabisa malengo? Ningekuwa nasema uongo nikikuambia njia hiyo haina manufaa. Kuna watu ambao kupumzika miezi miwili au mitatu bila azimio lolote kumewatuliza, na kama mtoto bado hajapona vizuri, sitakupinga ukichagua hivyo. Hasara yake ni kwamba kwa mtu aliyekwisha kuingia katika kukwepa, kuacha kunaweza kuwa kabati kubwa zaidi la kufichia daftari. Kuendelea na yote sita sikushauri. Kama ningekuwa nimeketi nawe ningekuomba ubaki na moja tu kwa miezi mitatu, na ningechagua lile la fedha siku ya mshahara, kwa sababu linatimizwa kwa dakika moja na matunda yake yanahesabika. Kundi la WhatsApp lina wema wake, kwani kuna wanaosaidiwa na kuonwa na wengine, lakini kwako limekuwa kengele ya hatari. Waage kwa adabu, uwaambie unapumzika, kisha mchague mmoja kati yao ambaye unaweza kumwambia «wiki hii nimeshindwa» bila kuona haya. Kujitoa ukiwa umeaga ni tofauti na kuikimbia simu kila asubuhi.

Sasa suala la ugonjwa, ambalo sitalifanyia mzaha. Wasiwasi wa mtu aliyeshindwa jambo ni wa kawaida, huja na kuondoka. Wako una wiki tano, unakuamsha usiku, na umeanza kubadilisha namna unavyoishi. Hapo ndipo mtu anapaswa kupimwa. Wahudumu wengi hutumia maswali saba mafupi kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali likiwa na alama 0 hadi 3, na jumla ikifika 10 au zaidi hushauriwa uchunguzi wa kina. Ugonjwa wa wasiwasi wa jumla kwa kawaida hautamkwi mpaka hali iwe imedumu miezi sita, kwa hiyo huenda hujafika huko, lakini hakuna haja ya kungoja ufike. Omba pia wapime damu yako na tezi ya shingo, kwa kuwa upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kupita kiasi huweza kuleta moyo kwenda mbio na kukosa usingizi, na ingekuwa huzuni kubwa ukijilaumu kwa nia dhaifu kumbe ni tezi. Punguza chai ya rangi na kahawa za jioni katika kipindi hiki.

Mimi ni mwanasaikolojia na siandiki dawa, ila nakuomba usinunue diazepamu duka la dawa ili upate usingizi. Hutuliza haraka, na mwili huizoea haraka vilevile. Kwa wasiwasi uliokwisha kuwa ugonjwa kuna tiba ya fikra na tabia, ambayo ni mazungumzo yenye mpango na mazoezi kama lile la daftari, na kuna dawa ambazo daktari huziandika zikachukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu zake. Wengine hunufaika na moja, wengine na zote mbili.

Anzia hospitali ya wilaya au ya mkoa, kitengo cha afya ya akili, au umwone afisa ustawi wa jamii akuelekeze. Najua mtu akisikia «afya ya akili» hufikiria hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, na maneno ya watu. Wanaohudumiwa kwa wasiwasi huketi kwenye benchi lile lile la wagonjwa wa nje, na hurudi kazini siku hiyo hiyo. Lakini ukianza kuona kwamba maisha hayana maana, au kuwazia kufa au kujidhuru, usingoje siku ya kliniki: mwambie mume wako saa hiyo hiyo, mwende hospitali pamoja, hata ikiwa ni saa nane usiku.

Utakapokwenda, chukua lile daftari. Wiki moja kabla yake andika kila asubuhi uliamka saa ngapi usiku, moyo ulikwenda mbio lini na ulikuwa unafanya nini, na ulikunywa chai au kahawa mara ngapi. Mhudumu atahitaji hayo kuliko kitu kingine chochote utakachomwambia. Ukipenda mwonyeshe na ukurasa wa Februari, pale penye maoni.